Mama Alipokuwa Bubu Kwenye Kioo

Feni ya kompyuta ikivuma kwa muda mrefu, mimi siwezi kukaa kitako. Mume wangu hucheka na kusema nimepandwa na majini. Acha acheke. Ninyi nitawaambia: mvumo ule hunirudisha kijijini kwetu Kanga, chumbani kwa baba, kwenye harufu ya ubani na vumbi lililoungua, nikiwa msichana mdogo aliyekwisha kula kucha zake zote.

Mama alikuwa Maskati, akifanya kazi za ndani. Kila Ijumaa baada ya alasiri, tajiri wake alimruhusu atupigie kwa video. Simu ya baba ilikuwa ya kitochi, isiyo na video, basi akanunua kompyuta kuukuu kwenye ofisi moja ya Kilindoni iliyokuwa ikifungwa. Binamu yangu Hamadi, fundi simu, akaitia programu ya Linux, akisema nyingine yoyote ingeiua palepale. Tukachomeka modemu, tukamwona mama. Mdogo wangu Juma alikibusu kioo mpaka kikajaa mate.

Ila ilikuwa na ukaidi wake. Ukiiamuru izimike, kioo kinakuwa cheusi lakini feni inaendelea kuvuma, mpaka baba achomoe waya ukutani.

Kisha sauti ikapotea. Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, hakuwa na mchezo na adhana: ikianza tu, kila chenye mdomo nyumbani hunyamazishwa. Siku moja Hamadi alikuwa akipiga taarabu kwenye kompyuta, adhuhuri ikaingia, shangazi akabonyeza kitufe cha kukata sauti. Hamadi akaizima, wakaenda kuswali, na wote wakasahau.

Ijumaa ikafika. Mama akatokea, midomo inacheza, sauti hakuna! Baba akatunong'oneza, "Msimwambie kitu. Mtampa wasiwasi bure huko ugenini." Nanyi mnajua tulivyolelewa: ukiulizwa hujambo, hujambo, hata kama homa inakutetemesha. Basi tukajibu kwa makelele, "Hatujambo, mama! Ndiyo, mama! Sawa, mama!"

Mama akatutazama. Akasema tena, taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Baba akachekelea, "Hakuna tabu, mama Zuhura, sisi tuko salama salimini!" Mama akainama, akajipangusa uso kwa mtandio.

"Joto la kule," baba akasema.

Wiki ile sikutulia. Kurani nilisoma mstari huohuo mara kadhaa mpaka mwalimu akanifinya sikio. Mimi nilitaka kujua mama alisema nini, basi! Hamadi akaja na pikipiki yake, akafungua kwenye kioo dirisha jeusi lenye maandishi, akatuonyesha chini ya mlingoti wa sauti herufi M mbili. Maana yake, akasema, imefungwa mdomo. Akabonyeza, herufi zikaondoka, muziki ukalipuka hata shangazi akarukia kitandani.

Jioni mashine ikagoma kuzimika kama kawaida yake, baba akachomoa waya. Asubuhi, bubu. Hamadi akarudi, akaitengeneza, baba akachomoa waya, ikaamka bubu tena. "Hii ina mwenyewe!" shangazi akasema, akaifukiza ubani mpaka sote tukakohoa.

Hamadi akakaa mbele yake amejishika kichwa, kisha akapiga paja. Kumbe mashine huandika mipangilio yake inapozimika. Ukiikata umeme ghafla haiandiki kitu, inaamka na ile ya zamani, na ya zamani ni ya siku shangazi alipoinyamazisha. Tatizo basi lilikuwa kule kugoma kuzimika. Akaifungua mdomo tena, akaanza kuchomoa kimoja kimoja, kipanya, spika, kila mara akijaribu kuizima. Alipochomoa modemu kwanza ndipo akaiamuru izimike, feni ikakata yenyewe, kama siku ile ya taarabu, ambapo modemu haikuwa imechomekwa. Kesho yake ikaamka inasema. Nilicheza uani nikiwa na ufagio mkononi.

Ijumaa tukajipanga tumevaa nguo za sikukuu.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, wanangu." Sauti yake, jamani! Nilitaka kulia. Kisha akasema, "Haya, nimeshatia saini. Miaka miwili mingine. Niliwauliza wiki iliyopita kama nibaki, mkasema ndiyo, sawa. Nikauliza tena, baba yenu akacheka, akasema hakuna tabu."

Nikamgeukia baba. Nilimvuta shati aseme kwamba hatukusikia kitu. Akasema, "Hewala, mama Zuhura. Sisi tuko salama."

Nilimkasirikia mama, si baba. Niliona ametuacha kwa hiari yake, na Ijumaa zilizofuata nilimwamkia kisha nikatoka uani. Nimekuja kuelewa juzijuzi, nilipopata mimi kazi Dar es Salaam na kumuuliza binti yangu kama niende. Alisema, "Nenda tu, mama." Nikamuuliza tena, taratibu. Roho yangu yote ilikuwa ikimwomba aseme usiende.