Miche Sita ya Fundi Saa

Mtaa mzima ulimwita Dakika, na mkewe pia, hasa akiwa amekasirika. Alikuwa fundi saa. Kibanda chake, kisichozidi upana wa meza moja, kilibanwa kati ya duka la viatu na ngazi za jengo la ghorofa. Kwa miaka ishirini na mbili alikifungua saa mbili kamili asubuhi na kukifunga saa kumi na moja jioni. Muuza viatu hakuwa na haja ya kutazama ukutani. Akimwona Dakika anapanga bisibisi zake kwenye kisanduku, alijua siku imekwisha.

Mwaka aliotimiza hamsini na tano, daktari wa macho alimshauri ayapumzishe macho kwa kutazama vitu vya kijani. Pengine daktari alimaanisha atembee tembee bustanini. Lakini Dakika hakujua kufanya jambo nusu nusu. Alinunua miche sita ya nyanya, akaomba ndoo sita tupu kwa mpaka rangi, akazitoboa matundu chini, akazijaza udongo na samadi, kisha akazipanga uani kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi.

Mkewe, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema ule ulikuwa ua wa kuanikia nguo, si shamba, na ndoo moja ikimkwaza tu zote zitatoka nje. Mama yake alikuwa amehamia kwao miaka minne nyuma, magoti yalipoanza kumsumbua, na dirisha la chumba chake lilitazama uani. Yeye hakusema kitu. Kwa Dakika hilo halikuwa jipya. Tangu bibi huyo ahamie, mazungumzo yao yalikuwa shikamoo na marahaba, umeamkaje na salama, basi. Dakika aliamini kwamba mama mkwe hampendi, anamvumilia tu kwa ajili ya binti yake, na akipita mbele ya chumba kile alipita kwa kunyata.

Miche aliilea kwa kipimo. Siku moja maji, siku moja hapana, kopo moja kwa kila ndoo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kila mara aliandika kwenye daftari. Miche ikapanda, ikafungiwa vijiti, ikatoa maua ya manjano. Dakika akaanza kuwaonyesha wateja ukubwa wa mche kwa kiganja, kila wiki kiganja kikipanda kidogo, na kikitiwa chumvi kidogo.

Wiki ya sita majani ya chini yakaanza kujikunja. Yalijiviringisha kwenda juu, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja karatasi ya kupeleka siri. Siku ya tatu yakafuata ya katikati. Dakika alikosa raha hata ya kula. Alileta nyumbani lenzi yake ya kazini, akaibana jichoni, akapiga magoti mbele ya ndoo akikagua jani moja baada ya jingine, juu na chini, huku jirani wa ghorofa ya pili akimchungulia na kumwuliza kama amepoteza pete. Aliona vinyweleo, akaona vumbi, akamwona sisimizi mmoja aliyekuwa akipita zake. Mdudu wa kulaumiwa hakumpata.

Akachuma jani, akaenda nalo duka la pembejeo. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alilipapasa lile jani kwa vidole kama mtu anayechagua kitambaa. Akauliza kama majani yamekuwa ya manjano. Hapana. Mche umedumaa? Hapana, unarefuka. Ukiutikisa, wanaruka wadudu wadogo weupe? Hakuna hata mmoja.

"Basi si ule ugonjwa unaoletwa na hao weupe," akasema. "Ungekuwa huo, ningekwambia ung'oe. Jani zito, la kijani, limeanzia chini, limekunjika kwenda juu. Ni maji hayo, baba. Unayazidisha. Mizizi haipati hewa."

Dakika aliona ametukanwa. Akatoa daftari mfukoni, akamfungulia kurasa zote. Mama yule alizisoma kwa makini, akamrudishia, akamwambia akifika nyumbani achomeke kidole kwenye udongo, halafu aamue mwenyewe amwamini nani.

Alipofika alichomeka. Ilikuwa siku ya kutomwagilia, lakini kidole kilitoka na tope hadi kwenye pingili ya pili.

Kesho yake, saa tisa alasiri, Dakika alianza kupanga bisibisi zake. Muuza viatu alitoka mbio akamwuliza kuna msiba gani. Dakika akasema hakuna, ana shughuli. Aliingia kwake kwa mlango wa nyuma, akajibanza nyuma ya shuka zilizoanikwa, akangoja.

Wa kwanza kutokea alikuwa mkewe, ndiyo kwanza anarudi kazini. Aliangaza kulia na kushoto, akatoa mkobani chupa za maji yaliyobakizwa na watoto wa chekechea, akazimimina ndoo baada ya ndoo mpaka ya mwisho, akaingia ndani kama hakuwako. Dakika alijiziba mdomo kwa kiganja. Hajakaa sawa, akasikia fimbo ikigonga sakafu. Mama mkwe alikuwa anakuja polepole, fimbo mkono mmoja, jagi mkono wa pili.

"Kunyweni, wanangu," akawa anaiambia miche. "Mwenyewe anawapa kikopo kimoja kama dawa ya kikohozi. Mkwe wangu ni mtu mwema, lakini mkono wake mgumu."

Hapo Dakika alishindwa. Kicheko kilimtoka, akajishikiza kwenye kamba, kamba ikaachia, na shuka mbili zikamfunika mzimamzima. Mkewe alitoka mbio jikoni akamkuta mumewe anapapatika chini ya shuka na mama yake amekaa juu ya ndoo ya kufulia iliyopinduliwa, machozi ya kicheko yakimtoka, mbavu hana.

Walipotulia, mkewe alikiri kwamba aliionea huruma miche lakini akaona haya kukiri, baada ya maneno yote yale. Dakika akamgeukia mama mkwe, akauliza swali ambalo hakuwahi kuthubutu.

"Mama, kumbe mimi ni mtu mwema?"

"Tangu lini hukuwa?"

"Mbona huzungumzi nami?"

Bibi akaweka jagi chini. Akamkumbusha siku alipokwenda kuposa. Badala ya kuketi, kijana alisimama mbele ya saa ya ukutani na kumwambia inachelewa dakika saba. "Nikasema moyoni, huyu akinisikia nikiongea, atanihesabia maneno. Nikaona bora ninyamaze. Halafu ukawa unapita mlangoni kwangu unanyata kama mwizi, nikadhani hunitaki."

Dakika alichukua lile jagi, akamkabidhi kwa mikono miwili, akasema kuanzia leo maji ni kazi yake bibi, peke yake, na hakuna mwingine atakayegusa. Sharti ni moja tu, achomeke kidole kwanza.

Majani yaliyokwisha kujikunja hayakukunjuka yote, lakini mapya yalitoka yametandazika vizuri, na baada ya wiki chache matunda yakaiva, mengine makubwa kama ngumi. La kwanza walilikata vipande vitatu hapohapo uani, wakalila kwa chumvi, maji yake yakiwachuruzika viwikoni. Mke akasema ya sokoni sasa hayatapita kooni.

Jumamosi iliyofuata Dakika na mama mkwe walibeba nyanya nane kumpelekea mama wa pembejeo. Njia ya dakika kumi iliwachukua karibu saa nzima, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu bibi alikuwa na mengi ya kusimulia na kila la maana alilisimulia akiwa amesimama. Dukani aliegemea kaunta, akamtambulisha Dakika kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Huyu ni mkwe wangu. Tunalima pamoja." Kisha akauliza bei ya miche ya pilipili hoho.