Kibodi ya Tusajigwe

Sikumpenda Tusajigwe, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Miaka minne tulichapa katika steshenari moja pale Kyela mjini, meza zetu zikigusana, na sikuwahi kusikia neno jema kutoka kinywani mwake. Mimi aliniita kuku. "Georgina, unadonoa," alisema mbele ya wateja, nami nameza hasira.

Kidole chake kidogo cha kushoto kilikatwa na mashine ya kukoboa mpunga kwao Ipyana, akiwa msichana. Sasa kwenye kibodi za kawaida herufi A hukaa chini ya kidole hichohicho, na Kiswahili bila A utaandika nini? Akanunua kibodi ya kuprogramu, akaipanga upya mwenyewe. A akaihamishia kidole cha shahada cha kulia, herufi nyingine zikafuata alivyotaka yeye. Maandishi ya juu ya vitufe aliyaacha vilevile. Ukibonyeza J inatoka A, na sisi wengine tukiigusa tunatoa uchafu mtupu. Alifanya makusudi, roho mbaya tu. Lakini kwa kasi, hakuna aliyemfikia.

Siku moja bosi wetu, Philemon, akatangaza kwamba kazi imepungua, atabaki mchapaji mmoja. Wasifu wa marehemu utakaoletwa kwanza wiki ile tutauchapa wote wawili. Atakayewahi ndiye wa kubaki.

Nilikuwa nimemwona akiifundisha kibodi yake. Ukishikilia kitufe cha pembeni juu huku unachomeka waya, inasahau yote na kuwa kibodi ya kawaida. Faili la mpangilio wake lilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, Bujonde. Kesho yake nilimtangulia kazini. Nikashikilia, nikachomeka.

Wafiwa wa Ikolo walifika saa tatu, kaburi limeshachimbwa, mchungaji anasubiri wasifu wa kusoma. Tusajigwe akachapa mstari mmoja, akatazama kioo cha kompyuta, kisha akanitazama mimi. Kumlalamikia Philemon kungekuwa kukiri kwamba bila kibodi ile hawezi, na mwanamke yule afadhali afe. Akaanza upya, kila A akiigonga kwa kisiki cha kidole. Mimi nikamaliza yeye yuko katikati ya ukurasa.

Aliondoka na kibodi kwapani, kisiki kimevimba. Nilifurahi. Siku ile nilikula wali kwa samaki, nikaongeza sahani.

Mwezi wa pili baada ya hapo akaingia dukani na karatasi. Baba yake alikuwa amefariki.

"Pole, dada," nikasema.

"Sikufuata pole. Andika."

Akavuta kiti, akakaa ubavuni pangu, akavitazama vidole vyangu vikidonoa. Safari hii hakunicheka. Mwandiko ulikuwa wa baba yake mdogo, mzee asiyejua yaliyotokea kazini kwetu. Mstari wa mwisho ulisema: marehemu ameacha binti mmoja, Tusajigwe, mchapaji.

Nikauchapa wote. Tusajigwe akanyoosha mkono, akaweka kisiki chake kwenye kioo, juu ya lile neno la mwisho.

"Hilo futa."

"Dada Tusa..."

"Kufuta si unajua? Futa."

Nikafuta.