Wiki Niliyobomoa Kuta Kumi na Moja

Sijawahi kuona ngano ikimea. Nimezaliwa Woodley, Nairobi, ambako kilimo chetu ni sukuma wiki mistari miwili nyuma ya nyumba, na hata hiyo hupaliliwa na mathe, mama yangu, huku mimi nikitoa ushauri. Lakini muulize mtu yeyote katika muungano wetu: mimi ni mkulima mkubwa. Shamba langu liko mjini, orofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, ndani ya saiba, duka la kukodisha kompyuta, ambayo kibodi zake zimefutika herufi.

Mchezo wenyewe ni huu. Unapewa kijiji mtandaoni. Unalima ngano, unachoma matofali, unajenga ukuta, unafunza askari ambao kazi yao kubwa ni kuimaliza hiyo ngano. Majirani zako ni watu wa kweli, wako kila pembe ya dunia, na wakikukuta hujajipanga wanakuja kukuibia. Na mchezo hausimami. Ukizima kompyuta ukaenda kula githeri, jeshi la mtu usiyemjua linaendelea kutembea kuja kwako, saa tano, saa sita za usiku, na halijali kwamba kesho una mtihani wa kemia.

Sisi wa Nairobi tulipigwa vibaya mwanzoni. Wenzetu walikuwa na mtandao nyumbani, sisi tulikuwa na saiba na stima ya kubahatisha. Muungano wetu ulizaliwa siku stima ilipopotea Kinoo kutwa nzima. Kulikuwa na mama mmoja huko, mwenye saiba yake na mashine ya fotokopi, aliyecheza huku akihudumia wateja. Akampigia simu mzee mmoja Mhindi wa duka la vipuri vya magari mjini. Walikuwa hawajawahi kuonana, walijuana kwenye mchezo tu. Akamwambia, "Anko, nishikie kijiji." Hivyo tu, kama mtu anavyomwomba jirani amshikie kibanda aende haja. Akamtajia neno lake la siri.

Stima iliporudi, mama alikuta ngano imejaa na ujumbe mfupi: "Nimeshika. Wezi wawili wamekuja, wamerudi mikono mitupu. Ghala umejenga vibaya."

Basi ikawa desturi. Ukienda mazishi, ukiwa na mtihani, ukilazwa hospitali, unasema "nishikieni" na mtu anakushikia. Sheria zilikuwa chache. Anayeshika analisha jeshi na kuchunga ukuta. Haanzishi vita. Na haongei kwa jina la mwenye kijiji, hata salamu. Tulifika watu thelathini, na mzee wa vipuri akawa mkuu wetu bila kura yoyote. Mimi niliingia baada ya kuporwa mara tatu kwa wiki moja na kuandika tangazo la matanga ya ngano yangu kwenye baraza la mtandaoni, na ratiba ya mazishi. Watu walicheka. Mzee hakucheka. Aliniandikia, "Wewe kijana, ukuta wako ni aibu. Njoo."

Likizo ya Aprili nikiwa kidato cha tatu, mzee akawa anaenda Kisumu kumwoza binti yake. Wiki nzima. Aliniita dukani, akanipa neno lake la siri kwenye kikaratasi.

"Kwa nini mimi, anko?"

"Wengine wana kazi. Wewe una nini?"

Nilishuka ngazi za duka lile kama gavana. Mdogo kuliko wote, nimeachiwa kijiji cha mkuu!

Bahati mbaya ndani ya wiki hiyo kulikuwa na Sikukuu ya Wajinga, tarehe mosi, siku ya kudanganyana. Sasa, mtu kama mimi ukimwachia siku kama hiyo na jina la mtu ambaye hajawahi kutania maishani mwake, unatarajia nini? Nikaandika kwa muungano wote, kwa jina la mkuu: "Ndugu zangu. Nimepata habari za uhakika. Kuanzia kesho, kuta zitaleta hasara. Kila mtu abomoe ukuta wake leo. Asanteni." Nilicheka mpaka mhudumu wa saiba akaniambia nichague, kucheka ama kukaa. Nikaenda kununua chipsi. Nilitarajia nikirudi nikute matusi.

Nilikuta "Nimebomoa, mkuu." Chini yake, "Na mimi pia." "Tayari." "Imekwisha, anko." Nikahesabu kumi na mmoja, mama wa Kinoo akiwemo. Wa mwisho alikuwa karani wa Kilimani, jamaa aliyecheza kazini kwa kuficha mchezo nyuma ya hesabu za ofisi, na ambaye huuliza sababu ya kila kitu mpaka unachoka. Safari hii aliandika: "Sielewi kabisa. Lakini ni wewe umesema. Nimebomoa."

Nikaweka chipsi kando.

Ukuta unabomoka kwa dakika chache, kuujenga ni siku mbili. Na muungano wa mashariki mwa ramani, maadui wetu wa siku zote, hawakuwa vipofu. Kabla ya saa nane mama akaandika, "Naona majeshi. Yatafika kesho mchana. Mkuu, tufanye nini?"

Mkuu alikuwa Kisumu anavishwa maua. Mkuu wa pale nilikuwa mimi.

Nilianza kuandika kwamba akaunti ilivamiwa na wahuni wa mtandaoni. Ulikuwa uongo mzuri, ungepita. Lakini nikisema hivyo, kila mtu angejiuliza nani mwingine ana neno lake la siri, na nani atakubali kushikiwa kijiji tena? Ningekuwa nimebomoa kitu ambacho hakijengwi kwa matofali. Na kile "ni wewe umesema" cha karani kilikuwa palepale kwenye skrini, kinanitazama. Nikafuta. Nikaingia kwa jina langu, nikaandika: "Si mkuu. Ni mimi. Nilikuwa natania. Nimekosa."

Nilitazama skrini kama mgonjwa anayengoja matokeo ya maabara. Halafu mama wa Kinoo: "Wewe mtoto, ngoja nikupate. Haya, nani ana askari?"

Hapo nikawaona watu wangu. Wenye kuta walituma askari kwa wasio nazo. Karani alipanga zamu, nani alinde nani, saa ngapi, kwa jedwali safi ambalo nina hakika mwajiri wake alidhani ni lake. Hakuna aliyenitukana, labda kwa sababu ya haraka. Kesho yake mchana tuliokoa vijiji tisa. Viwili viliporwa hadi punje ya mwisho: cha mama na cha karani.

"Utaenda dukani mwenyewe akirudi," mama aliniandikia. "Kwa miguu yako. Usijifiche nyuma ya kompyuta."

Nikaenda. Mzee alikuwa anatundika mikanda ya injini ukutani.

"Anko, niliharibu."

"Nimesoma. Kisumu pia kuna saiba."

"Mbona hukuandika kitu?"

"Ulikuwa umeshasema ukweli. Niongeze nini mimi? Nilikuwa na wageni mia tatu wanataka kula."

Nikamrudishia kikaratasi chake. "Badilisha neno la siri. Mimi natoka kwenye muungano."

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna."

"Basi unaenda wapi? Mwezi ujao unarudi bweni, miezi mitatu. Nani atakushikia?"

"Sidhani kuna mtu atataka, anko."

Aligeuza kile kikaratasi upande wa nyuma, akakiweka kaunta, akanisukumia kalamu. "Andika neno lako la siri hapa. Na mpaka shule ifunguliwe, matofali yako yote ni ya wale kumi na mmoja. Sasa toka, unawazibia wateja njia."

Niliandika. Sikutania chochote. Nadhani alishtuka.

Agosti nilitoka bweni nikapitia saiba kabla hata ya kufika nyumbani, sanduku mkononi. Kijiji changu kilikuwa na ngano ya kumwaga na ukuta wa daraja la juu kabisa, ambao sikuwahi kuwa nao. Mtu alikuwa amekibadilisha jina kikaitwa Bila Ukuta, na najua ni mama wa Kinoo ndiye aliyemshawishi mzee. Ujumbe ulikuwa mmoja: "Nimeshika. Wezi wanne. Mikono mitupu."

Nawashukuru watu wale kuliko ninavyoweza kuwaambia, kwa sababu nikianza watadhani ni mzaha. Chini ya ujumbe wa mzee kulikuwa na mwingine, wa asubuhi ileile, kutoka kwa karani wa Kilimani, yule niliyemsababishia kuporwa. Alikuwa anaenda kwao wiki mbili. Aliandika neno lake la siri, na chini yake: "Nishikie. Usichekeshe mtu."

Nilimshikia wiki zote mbili. Nililisha jeshi lake, nikachunga ukuta wake, na sikuandika hata nukta. Hakuna aliyewahi kunipa kazi ngumu kama ile.