Fundi wa Keekee za Barafu

Fundi wa keekee za barafu, zile mashine za kutobolea barafu ili kuvua samaki, hana haraka na mtu. Hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibandani mwake katikati ya ziwa lililoganda, na kila mashine anayoletewa huinusa tangi kwanza kabla ya kumjulia hali mwenye mashine. Siku Marit alipompeleka baba yake na keekee yake, mzee alikuwa akibwata tangu nyumbani: "Takataka hii! Ikigusa barafu tu, inaishiwa pumzi. Mwaka huu ndio mwisho wangu wa kuvua." Fundi aliipokea mashine. Alifungua plagi, akaipangusa kwa pindo la shati. Alimwaga petroli iliyolala, akatia mpya, akachokoa masizi ya ekzosi. "Haya, toboa, mzee, nikuone." Mashine ikanguruma, ikazama kidogo, ikanyong'onyea. Hapo Marit akagundua kwamba fundi haitazami mashine. Alivitazama vidole vya baba yake, vilivyovimba viungo, vikishindwa kubana kishikizo cha kuongezea mafuta hadi mwisho.

Fundi aliinama, akabadilisha springi, akauvuta waya wa mafuta mpaka kishikizo kikawa chepesi kama cha baiskeli ya mtoto. "Waya ulilegea. Hata kijana angeshindwa."

Mzee alitoboa tena, na safari hii maji yakafoka hadi kwenye viatu vyake. Akasimama akiyatazama.

"Kumbe ni waya," alisema polepole, akivikunjua vidole vyake. "Mimi nilidhani..."

"Waya tu, mzee," fundi akamkatiza. "Nendeni kule kwenye kina kirefu. Leo samaki wanakula."