Kahawa ya Kutafuna Niliyoikamata Mpakani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kimoja cha forodha mpakani Kyerwa, Mkuu wa Kituo alinikabidhi kalamu na onyo: "Kijana, hapa adui ni kahawa." Alikuwa na sababu. Bei ya ng'ambo ikipanda, kahawa ya wakulima wetu ilivuka kwa magendo chini ya mikungu ya ndizi, hata ndani ya godoro. Sheria ilikataza isitoke bila kibali. Nilikuwa mkali kuliko wenzangu wote, na nilijisifu kwa hilo.

Ninyi mnaosomea utalii mnafundishwa mandhari na wanyama. Dirishani pangu nilijifunza kwamba mgeni hupima pia ada ya viza, ubovu wa barabara, thamani ya fedha yake na uso wa afisa wa kwanza. Mbuga ni ileile, lakini sera ikibadilika Dodoma, foleni yangu nayo ilibadilika.

Kijijini Nyaishozi alikuwepo mjane, Mama Koku, aliyejenga vyumba viwili vya wageni shambani kwake. Watalii walitoka Uganda, wakatembea migombani na kupika naye. Siku moja wageni wake sita walikuwa wanarudi, kila mmoja na kifuko cha kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani kisha zikakaushwa. Kwetu mgeni hapokelewi wala haagwi bila hizo. Nami nililelewa hivyo.

"Mna kibali?"

Kiongozi wao alicheka, akidhani namtania. "Ni zawadi ya Mama."

"Kahawa ni kahawa."

Niliwaweka hadi alasiri nikiandika hati ya ukamataji, karatasi ya kuorodhesha mali iliyozuiwa. Mkuu wa Kituo aliporudi kutoka Rubwera, walikuwa wameshaondoka. Alishika kichwa. "Umekamata salamu, bwana we!"

Kampuni iliyowaleta ilibadili njia, haikupeleka tena wageni kwa Mama Koku. Niliona aibu, lakini sikuwahi kwenda kwa Mama Koku mpaka nilipostaafu.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyewazuia wageni wako. Nimekuja kuomba radhi kwa riziki niliyokukatia."

"Marahaba. Riziki nilipata kwenye maharage," alisema, akinisogezea kigoda. "Kilichoniuma ni wale watu. Nilipiga simu, hawakupokea. Walidhani niliwatega mimi."

Hilo sikuwahi kulifikiria.