Mchikano wa Ukoo wa Senene

Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni, yaani mtu aliyesoma historia ya dunia nzima huku akisinzia. Darasa letu lilikuwa ghorofani karibu na soko la Nakasero, Kampala, na mimi nilikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote katika mstari wa nyuma. Mstari huo ulikuwa na watu wawili: mimi na mama mmoja Mkongo aliyeshinda soko la Owino akiuza vitenge.

Mstari wa mbele kabisa aliketi mwenyekiti wa mtaa wetu, kule Bugolobi upande wa viwanda. Tulimwita Ssentebe, ndiyo mwenyekiti kwa Kiganda. Alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyeapa kumaliza sekondari kabla wajukuu hawajampita. Kiswahili chake alikiokota kambini. Akikusalimu tu, unajikuta umesimama wima.

Sasa, huyo ndiye aliyekuwa na muhuri. Bila barua yake hupati kitambulisho cha taifa, na bila kitambulisho wewe ni kivuli kinachovaa viatu. Laini yangu ya simu ilisajiliwa kwa jina la mama mwenye nyumba, na kila mwaka kampuni ilinitumia heri ya kuzaliwa ikiniita bibi. Nilizaliwa Nsambya, kwenye nyumba za reli, ambako baba alifika kutoka magharibi ya Kenya kuja kufunga mabehewa. Huko Kenya mimi sijawahi kulala siku tatu mfululizo. Lakini fomu haikuuliza umelala wapi. Iliuliza kabila na ukoo.

Nilipokwenda barazani kwa Ssentebe kuomba barua, nilikuwa nimekata shauri kusema kweli. Akavaa miwani.

"Ukoo?"

Wakati huohuo nyuma yake akapita mchuuzi na ndoo ya senene, wale panzi wa msimu, waliokaangwa. Ulimi wangu, ambao tangu utotoni hauniombi ruhusa, ukajibu: "Senene."

Nieleze kidogo. Kwa Waganda kila ukoo una mwiko wake, wenyewe huuita muziro, mnyama au mmea, na wenye ukoo hawauli. Watu wa Senene hawali senene. Katika koo zote za Buganda nilijichagulia ule unaoninyima kitu ninachokipenda kuliko kupumua. Na bado. Ssentebe alivua miwani, akainuka, akanikumbatia mpaka mbavu zikaomba radhi.

"Mutoto yangu! Hata mimi ni Senene! Sasa wewe nalete jina ya babu yako, na babu ya babu, mpaka watano. Mimi naandika barua."

Mababu watano wa Kiganda ningewapata wapi? Nikamwambia wazee wanakumbuka polepole. Miezi ikapita. Wakati huo wote nilikuwa mwanawe. Kila msiba wa ukoo niliitwa kubeba viti, na ukoo ule, nawaambieni, ulikuwa na misiba kuliko jeshi lililoshindwa vita. Msichana niliyekuwa nikimkaribia darasani naye akagundulika kuwa Senene, yaani dada yangu. Msimu wa senene ulipofika, Kampala yote ikanukia vitunguu na mafuta, mimi nikatafuna karanga kama mjane.

Ila nikiri jambo moja: baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, na mzee yule alipoita "mutoto yangu" mbele za watu, nilikuwa naitika upesi mno.

Muhula huo mwalimu wa historia akatia mada kwenye kofia, kila mtu achukue karatasi na kuzungumza darasani. Niliomba Mungu anipe vita kuu, maana vita nimeviona kwenye televisheni. Nikapata "Wachikano na madai yao ya haki sawa." Nilidhani ni timu ya mpira.

Mwalimu akanipa makaratasi ya kusoma. Nikayasoma nikitarajia kuchoka, nikashindwa kulala. Wachikano, kumbe, ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Wengi wamehamia, lakini wengine mababu zao hawakuhama popote. Walikuwa shambani mwao, vita vikapiganwa, mpaka ukasogezwa, wakaamka wageni. Watoto wao wakapigwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao. Hata hilo jina Chikano lilikuwa la kudharauliana, vijana wakaliokota, wakalipangusa vumbi, wakalivaa kifua mbele.

Nikamkumbuka baba. Alipenda kusema babu yangu alizaliwa Uganda, Wazungu wakahamisha mpaka, akaamka Kenya bila kubeba hata mkeka. Siku zote nilidhani ni hadithi ya mzee aliyemaliza chupa. Nikamuuliza mwalimu. Akasema ni kweli, ile magharibi yote iliwahi kuhesabiwa Uganda.

Siku ya kuzungumza ikafika. Mama wa vitenge akanisukumia kifurushi cha gazeti.

"Kaka, kamata hizi, kula kidogo, roho itulie. Uko natetemeka sana."

Nikakitia mfukoni bila kukitazama, nikapanda mbele.

Jamani, nilizungumza! Nilieleza mpaka uliosogea, wanafunzi walivyotoka madarasani kudai masomo yanayowafaa. Nikafika kwenye mashamba ya zabibu, wavunaji wakilipwa kidogo na kupuliziwa dawa pamoja na matunda. Wakagoma. Wakaiomba nchi nzima isinunue zabibu.

"Watu wakakubali!" nikapaza sauti. "Wakaifanya zabibu mwiko! Hebu fikirini, ndugu zangu, mtu anapenda kitu, kiko mbele yake, na anakataa kukila kwa sababu ya heshima!"

Na katika kusisitiza heshima nikatia mkono mfukoni, nikajaza kinywa, nikatafuna. Senene. Walikuwa na chumvi barabara.

Ssentebe akasimama polepole.

"Wewe. Nakula muziro yako? Mbele yangu?"

Mguu wa senene ulikuwa umening'inia mdomoni.

"Ssentebe," nikasema, "mimi si Senene. Nilidanganya. Baba yangu alikuwa Mkenya wa reli. Babu yangu mpaka ulimpita kichwani, kama hawa Wachikano. Niliogopa ungeninyima barua."

Akaketi.

"Maliza habari. Hao watu ya zabibu nashinda?"

"Kwenye zabibu walishinda, mzee. Mengine bado wanadai."

"Haya. Kaa chini."

Mama wa vitenge akaninong'oneza, "Pole, kaka. Miye nilijua we ni mutu wa Kisumu." Nikamwambia si Kisumu. Akasema ni kulekule.

Kwa majuma mawili Ssentebe hakunisemesha. Kisha akanipelekea barua. Ilisema nimezaliwa Kampala, ananijua, sina kesi. Kwenye kabila aliandika la baba yangu, kwa usahihi. Kwenye ukoo alipiga mstari mmoja mfupi. Muhuri ulikuwa umekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Ofisi ya vitambulisho wakaipokea, wakaniambia watu wa namna yangu wana dirisha lao na foleni yao ndefu. Bado nimo. Foleni ile ina watu wachangamfu sana, tumeshaoana na kuachana. Lakini sikuwa nikiiwazia foleni. Niliuwazia ule mstari.

Jumamosi moja ukapigwa ukelele wa msiba mtaani, ukoo wa Senene kama kawaida. Nikajikalia ndani, haunihusu. Mlango ukagongwa kijeshi.

"Wewe Chikano! Watu nasimama! Viti iko wapi?"

"Ssentebe, mimi si wa ukoo."

"Mimi nauliza ukoo? Mimi nauliza viti. Kuja, mutoto yangu."

Nikaitika upesi mno. Nikabeba vinane kwa mkupuo mmoja, labda tisa, na jina hilo la Chikano likanifuata mtaa mzima, nami sijawahi kumkatalia mtu.