Folda Mbili za Programu

Mwenye duka aliniambia kwa mdomo wake: "Safisha hiyo mashine, imejaa." Kisha akaenda zake Tororo. Naanza na hilo kwa sababu baadaye yeye aliligeuza.

Nilikuwa na miezi mitano kwenye duka lake la kuchapa na kutoa kopi, Busia, upande wa Uganda. Mtoto wangu alikuwa wa miezi minane, akilala ndani ya katoni ya karatasi chini ya meza. Nilikuwa nimezunguka mji mzima. Hakuna mwingine aliyetaka mfanyakazi anayekuja na mtoto. Nikipoteza kazi pale, nimepoteza yote.

Basi nikafungua diski ya kompyuta. Nikakuta folda mbili za programu, jina moja, ila ya pili ina namba 86 kwenye mabano. Ndani, majina mengi yanafanana. Nikasema, mtu mzembe huyu, ameweka vitu mara mbili. Nguo za mtoto zikiwa kwenye beseni mbili mimi natia kwenye moja. Nikahamisha yote ya folda ya pili nikatia kwenye ya kwanza. Mashine ikauliza: faili hizi zinafanana, nibadilishe? Badilisha. Ikauliza tena. Badilisha zote!

Asubuhi yake akaja mwalimu mkuu wa chekechea moja ya Masaba kuchukua mitihani. Watoto walikuwa waifanye saa nane mchana. Programu ya zamani tuliyochapia mitihani ikagoma kufunguka. Kwa haraka nikadhani shida ni printa. Nikaifuta printa kwenye mashine, nikatia CD yake ili niianze upya. CD nayo ikakataliwa.

"Madam, bado?" mwalimu akauliza.

"Bado kidogo."

"Hiyo kidogo yako ilianza saa tatu."

Nikampigia simu fundi wa upande wa Kenya. Akavuka kwa miguu, mandazi mdomoni. Akatazama, akacheka.

"Mathe, umeunganisha Busia mbili!"

"Ukimaliza kucheka, utengeneze."

Akanieleza huku anatafuna. Folda moja ni ya programu mpya, nyingine, hiyo ya 86, ya programu za aina ya zamani. Mfumo wa kompyuta umeandika kila programu inakaa wapi. Ukiihamisha, mfumo unabisha hodi palepale pa zamani na hakuna wa kufungua. Na faili mbili za jina moja si faili moja: hii inafanya kazi na programu za zamani tu, ile na mpya tu. Kila niliposema badilisha, nilikuwa nafuta. Draiva je, kile kipande kinachoiwezesha mashine kuongea na printa? Hicho hakitegemei folda hizo. Kinakaa ndani kabisa, kwenye mfumo wenyewe, na hauingizi kingine bila kukagua. Kilichokuwa kikifanya kazi nilikitoa kwa mkono wangu. Cha kwenye CD kilikuwa cha kompyuta za zamani.

Mimi nimezaliwa hapa. Najua Busia ni jina moja lenye pande mbili, na kila upande una pesa yake, askari wake na stempu yake. Kwa nini sikuona? Kwa sababu shuleni tulikariri sehemu za kompyuta bila kuigusa. Bado inaniuma.

Fundi akapakua draiva inayofaa kwenye mtandao. Saa sita na nusu printa ikatoa ukurasa wa majaribio, safi kabisa. Lakini programu ya mitihani ilihitaji kuwekwa upya, na hatukuwa na CD yake. Mwalimu akachukua karatasi zake alizoandika kwa mkono, akavuka kwenda kuchapisha Kenya. Hakuniaga.

Mwenye duka alirudi saa tisa.

"Ni wewe ulisema nisafishe," nikamwambia.

"Nilisema usafishe, sikusema ubomoe. Leta ufunguo."

Nikamtoa mtoto kwenye katoni, nikamfunga mgongoni, nikatoka.

Wiki iliyofuata msichana aliyechukua nafasi yangu alinipigia. Namba yangu alikuwa ameikuta kwenye ukuta wa duka.

"Dada, samahani. Bosi amesema nisafishe mashine. Naona folda mbili jina moja. Nifute moja?"

Mtoto alikuwa akilia mapajani mwangu na sikuwa na kazi.

"Usiguse," nikasema. "Na mwambie aandike kwenye karatasi anataka usafishe nini, aweke sahihi."